Povu la Mume Wangu Limemeza Nyumba Yangu

Asalaam aleikum wasomaji wa ukurasa huu. Naomba jina langu lifichwe, maana Garissa ni ndogo na mume wangu anajua kusoma. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, nina watoto watatu, na leo nina hasira ambayo hata nikiswali haipoi vizuri.

Kwa wasiojua desturi zetu Wasomali wa huku, nyumba ni ya mwanamke. Siku nilipoolewa, mama yangu na dada zake walinisimamishia aqal, ile nyumba yetu ya kuhama, na kila mkeka wake waliusuka kwa mikono yao wakiwa Modogashe. Mwanamume ana mifugo, mke ana nyumba. Wakiachana, mke anafungua mikeka yake, anapakia, anaondoka, na bwana anabaki amesimama juani. Nilipokuwa msichana niliona ni desturi tu ya wazee. Sasa naelewa kwa nini akina mama waliishikilia.

Ile mvua kubwa ya mwaka tisini na saba ilipomaliza mifugo yetu, tulihamia mjini. Mume wangu alijenga nyumba ya bati. Jamani, mchana wa Garissa chini ya bati ni kukaangwa. Kitinda mimba wangu alikuwa anatokwa na vipele mwili mzima. Nikachukua mikeka ya aqal yangu, nikaifunga kwenye mbao chini ya bati, ikawa dari. Joto likapungua kidogo. Niliifunga kwa kamba, si kwa misumari, ili siku yoyote niweze kuifungua.

Mwaka jana mume wangu alipata kibarua kwa mkandarasi aliyekuwa akijenga stoo baridi ya dawa huko kwenye kambi za wakimbizi. Kuta za stoo hiyo walizipiga kwa dawa fulani ya povu ya kuzuia joto, inayotoka kwenye bomba la mpira kama maziwa, halafu inavimba kama unga uliotiwa hamira, na kabla hujamaliza kushangaa imeshakauka. Kazi ilipoisha, madumu yakabaki na dawa kidogo, naye akaruhusiwa kuichukua. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwenda na watoto kumuuguza mama. Akamleta fundi, kijana kutoka Kenya, kama tunavyosema huku kwa watu wa bara, na mashine yake na jenereta.

Jirani yangu alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Fundi alitazama juu akakataa. "Mzee, hii inashika kila kitu inachogusa. Toa mikeka kwanza, tupige kwenye bati."

Mume wangu akamjibu kwa lafudhi yetu ya Kisomali, "Biga tu. Hiyo ni mikeka ya bibi, haina shida. Hata itashika dawa vizuri."

Nilirudi nikakuta dari la manjano, gumu, lenye mavimbe, na harufu iliyotufanya tulale uani kwa muda. Mikeka sikuiona. Mume wangu alikuwa akiwaita watu barabarani waje waonje ubaridi. "Abaayo, sasa uko Nairobi," akaniambia, akiniita dada kwa utani. Na ukweli lazima niuseme: nyumba ilikuwa baridi. Vipele vya mtoto vilikauka. Nililia peke yangu jikoni, halafu nikajiambia ni ujinga wa mwanamume, si ubaya.

Kumbe nilikuwa najidanganya. Haukupita muda akaniambia anaoa msichana wa Ijara, na ataishi chumba cha pili humo humo ndani. Nikamwambia uke wenza si haramu, lakini si chini ya dari langu. Nikaomba talaka yangu mbele ya wazee wa pande zote mbili. Wazee wakasema sawa, kama ndivyo, achukue nyumba yake aende.

Kaka yangu akaja na mkokoteni wa punda kupakia. Mume wangu akakaa kwenye kiti mlangoni, akatabasamu. "Nyumba yako iko pale juu, chukua. Lakini bati ni yangu na dawa ni yangu. Ukitoboa dawa, watoto wataungua na jua, na wewe ndiye utawaambia kwa nini."

Nilipanda juu ya meza na kisu. Nilijaribu na mafuta ya taa. Kipande kilichotoka kilikuwa kigumu kama mkate wa juzi, na nyuzi za mama yangu zimekwama ndani, hazivutiki. Hakuna mkeka hapo wa kukunja. Kaka akasema, "Walaal, dada yangu, shuka, watu wanatazama." Mkokoteni ukarudi mtupu. Wazee sasa hawajui waseme nini, maana desturi yetu haijawahi kukutana na kitu hiki. Mmoja wao alicheka. Sitamsamehe.

Sina tena cha kuondoka nacho, ndugu zangu, na yeye analijua hilo. Mwanamke wa kwetu anayerudi kwao bila nyumba yake anaonekana kama aliyefukuzwa, si aliyeondoka. Na watoto wamesema hawataki kulala kwenye joto tena.

Bibi harusi anakuja baada ya Idi. Juzi mama yangu amenitumia salamu na dereva wa lori: nisijali kitu, nije na nyumba yangu, ameshanisafishia mahali pa kuisimamisha, karibu na yake. Hajui. Nani atamwambia?

Nishaurini, hasa nyinyi kina mama. Nipande na panga nibomoe paa juu ya vichwa vya watoto wangu, au nimwachie msichana wa watu alale poa chini ya mikeka ya mama yangu?