Sifuri ya Kituo cha Kwetu

Vyama sivitaji. Vyote vina kadi, vyote vina ahadi, na wanaovisimamia huku Kimuli tunawajua mpaka majina ya babu zao. Nitamtaja wifi yangu Anatolia, mjane wa kaka yangu Gaspari, kwa sababu watu wanamsema vibaya kisimani na mimi nimechoka kuwasikia.

Anatolia ni mtu wa migomba na kahawa. Hajui kusoma, na maneno yake ni machache. Akikuahidi mkungu wa ndizi Jumanne, Jumanne mkungu utaukuta mlangoni kwako, mvua inyeshe isinyeshe. Tabia hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwaka wa uchaguzi, chama kilipita kuandikisha wanachama nyumba kwa nyumba. Mimi kadi yangu niliichukua ofisini, nikapanga foleni na wenzangu, nikanyoosha mkono, nikasema niliyoambiwa niseme, nikaenda zangu sokoni. Anatolia alifuatwa nyumbani na Placidius, mjumbe wa chama wa kitongoji chetu. Huyu Placidius alikuwa ndugu wa kuchanjia wa Gaspari. Ujanani walichanjana, kila mmoja akameza punje ya kahawa yenye damu ya mwenzake. Sisi tunauita omukago, na aliyeufunga hamsaliti mwenzake mpaka anakwenda kaburini.

Anatolia alinyoosha mkono wa kulia, akarudia maneno ya Placidius: atakuwa mwaminifu kwa chama, na kura yake ataipa chama. Alipomaliza, Placidius akatoa mfukoni kahawa ya kutafuna, akapasua tunda moja, punje moja akampa, ya pili akaitafuna mwenyewe. Damu haikuwapo. Lakini mkono ulikuwa uleule uliomlisha mumewe, na Anatolia alitafuna akijua kwamba amefungwa.

Miezi miwili baadaye binti yake, Prudensia, akataka udiwani. Prudensia ameolewa mlima wa pili, kata hiihii, na kelele zake zote zilikuwa za maji, maana sisi bado tunashuka bondeni na madumu kichwani. Jina lake lilikatwa kwenye kura za maoni za chama, akahamia chama kingine. Baba yake angekuwa hai angemzuia, au angemfuata, sijui. Alikuja kwa mama yake, akapiga magoti, akamwamkia, na hakuomba mambo mengi.

"Mama, hata wote wakininyima, wewe usininyime."

Nami nilikuwepo. Nikamwambia kura yangu anayo mkononi, aende akatafute za wengine. Nilisema kwa sauti, nikicheka. Anatolia alisema tu, "Nenda salama, mwanangu."

Angekuwa mtu mwingine angekaa kimya, akaingia chumba cha kura, akaweka alama anapotaka, nani angejua? Anatolia hakuweza. Omukago huwezi kuuvunja kwa siri, lazima umwendee uliyefunga naye. Akavaa kitenge cha kanisani, akaenda kwa Placidius mchana kweupe, akamweleza kwamba anataka kumpa kura mtoto wake, na akamwomba amfungue. Placidius alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama aliwahi kusikia kahawa iliyomezwa ikarudi. Akamwambia Gaspari angekuwepo angemjibu hivyohivyo. Wifi yangu akarudi nyumbani, na siku tatu hakuenda shamba.

Siku ya kura tulikwenda wote wawili. Karatasi ina picha, kwa hiyo hata asiyesoma anaona. Aliniambia baadaye kwamba pichani Prudensia alikuwa amevaa kitambaa cha kichwa cha kipaimara ambacho yeye mwenyewe alimnunulia, na alikuwa anamtazama. Akaweka alama kwenye picha ya mgombea wa Placidius. Tukatoka, kila mmoja ana wino kidoleni.

Sasa nisemeje yangu? Nilipofika kwenye kile kisanduku niliikumbuka kadi yangu, nikamkumbuka na mwanangu anayesubiri ajira, nikajiambia Prudensia ana mama yake, ana marafiki, kura yangu moja haitaonekana. Nikamnyima.

Kumbe kila mtu wa kituo chetu alijiambia hivyo. Matokeo yalibandikwa ukutani, na Prudensia alikuja kuyasoma mwenyewe asubuhi yake. Kwenye kata nzima alipata kura za kuhesabika, za kushindwa lakini za heshima. Kwenye kituo cha kwetu, alikozaliwa, mbele ya jina lake waliandika sifuri. Angepata hata kura tatu, kila mmoja wetu angejificha ndani ya hizo tatu. Sifuri haifichi mtu.

Akaja nyumbani moja kwa moja. Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi na wifi. Prudensia alipiga magoti kama kawaida yake, akasema shikamoo, akaushika mkono wa mama yake. Akakiona kidole. Akakigeuza taratibu kwenye mwanga.

"Kwa hiyo ulikwenda, Mama."

"Nilikwenda."

Basi. Akageuka kunitazama mimi, na mimi mkono wangu nilikuwa nimeshauingiza ndani ya kanga.

Tangu siku hiyo hajaja. Anatolia alisugua kidole kwa majivu na limau mpaka ngozi ikachubuka; wino umeondoka wenyewe ukucha ulipokua. Simu akipiga inaita tu.

Juzi nilimwendea Placidius kwa hasira, nikamwuliza ni omukago gani unaomnyang'anya mama mtoto wake. Akashangaa kweli. "Dada yangu, ile ilikuwa kahawa ya wageni. Wazee wote niliwapa." Nikamwuliza kwa nini hakumwambia hivyo alipokuja kuomba afunguliwe. Akasema hakuulizwa ni kahawa gani, aliulizwa kama inafunguliwa.

Sijamwambia wifi, na sitamwambia. Kila jioni anakaa mlangoni akitazama mlima wa pili, na ananiambia asingeweza kufanya vingine, alikuwa amekula kahawa. Namwacha aamini hivyo. Mimi sikula kahawa ya mtu.