Bibi Aliyevaa Marekani

Mimi muoga, nasema mapema. Mwaka ule nilikuwa nasoma chuo Nizwa, na nyumbani kwetu Ibra kulikuwa na posa yangu. Watu wa mume, wa Bahla, walikwishatuma wazee wao kuuliza asili yetu mtaa kwa mtaa, kama ilivyo ada ya Waarabu huku. Mtu haozwi mpaka ijulikane babu wa babu yake nani. Wakakuta kabila letu safi, wakasema Ijumaa watakuja kumaliza maneno. Dada yake mume, wifi yangu mtarajiwa, nilikuwa nasoma naye darasa moja. Mashallah, macho yale hayapitwi na kitu.

Mwalimu akanipa mada ya kueleza mbele ya darasa: uchumi wa Marekani ulivyokua tangu enzi za ukoloni. Tumbaku, pamba, viwanda, reli. Nilipokwenda nyumbani nikampigia bibi soga, mama yake baba, mzaliwa wa Unguja. Nikamwambia pamba ya huko ilifumwa nguo, nguo zikapakiwa meli mpaka kwao.

"Si marekani hiyo!" akasema. "Nguo nzito, haina urembo. Bibi yangu mie akiivaa, kaning'iniza pakacha la karafuu begani."

"Bibi yako akichuma karafuu? Si mlikuwa na watu wa kuchuma?"

Akazima televisheni. Sijapata kumwona bibi akizima televisheni katikati ya mchezo.

"Yeye ndiye alokuwa mtu wa kuchuma," akasema. "Alinunuliwa. Bwana akamtia nyumbani kuwa suria wake, naye akamzaa baba yangu. Mimi nikilala naye. Hata uzeeni, keshaachwa huru zamani, alilala kanifunika mdomo kwa kiganja, nisilie nikaamsha wenye nyumba. Sasa umesikia. Usinifukulie makaburi, mwanangu. Ijumaa wanakuja watu."

Lahaula! Usingizi ukanipaa. Kumbe nguo ile ilichumiwa pamba na watumwa huko, ikaja kuvaliwa na watumwa huku, na mmoja wao damu yangu. Sikuona haya, wallahi. Niliona hofu tu. Kwa watu wetu tone moja latosha kuvunja posa.

Siku ya kueleza darasani nikaifuta kwenye slaidi zangu picha ya watumwa wanawake kwenye shamba la pamba. Nikaanza na tumbaku. Pamba nikaikimbiza, nikaingia kwenye viwanda, nikapanda reli, nikashuka salama. Nikasema ahsanteni. Nilikuwa nishaanza kukusanya vitu vyangu wifi aliponyoosha mkono.

"Pamba nani aliichuma?"

"Watumwa," nikasema.

"Na kwenu Unguja mlikuwa na mashamba ya karafuu. Huko nani alichuma?"

Aliuliza kwa adabu, hata leo sijui alikuwa na nia gani. Neno nilikuwa nalo tayari: vibarua. Nikafungua mdomo, nikahisi kiganja kimenifunika, kigumu, kinanuka karafuu. Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na hofu yenyewe ndiyo iliyonitoa maneno.

"Watumwa vilevile. Bibi yake bibi yangu alikuwa mmoja wao."

Wifi akaangalia simu yake.

Nyumbani sikusema kitu. Ijumaa tukatandika, halwa ikawekwa, kahawa ikachemshwa. Kila gari iliyopunguza mwendo nje, nilichungulia dirishani. Ikapita laasiri, ikapita magharibi, ndipo simu ya baba ikalia. Akasikiliza amesimama. "Wanasema hakuna nasibu," akatuambia, akatoka uani. Hakuna nasibu ndivyo watu wanavyosema wasipotaka kutaja sababu. Mama akaanza kufunika sinia.

Bibi akaniita chumbani kwake. Nilikwenda polepole, maana radhi yake ndiyo niliyoiogopa kuliko mume.

"Umesema?"

"Nimesema, bibi. Nisamehe."

Nikangoja anilaani.

"Ulimtaja jina?"

"Silijui jina lake, bibi. Hukuniambia."

Akatazama mlangoni, akanivuta sikio karibu na mdomo wake, akanitajia kwa kunong'ona.