Mjane Anayetaka Kusikia Kwanza

Sufuria ya koko alaisa, uji wa mchele wenye kakao na tui la nazi, inachemka sokoni Apia, Samoa, na Fetuao Leilua anaikoroga huku akigombana na mtu asiyekuwepo.

“Ngoja kwanza. Usimfunue,” anasema.

Dereva wa teksi anashusha kikombe. “Unaniambia mimi, mama?”

“Namwambia shemeji yangu. Wewe kunywa.”

Anafanya mazoezi. Fetuao, 52, ndiye mtunzi wa mchezo utakaoigizwa Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa kijijini kwake, na nafasi ya mjane ameichukua mwenyewe. Anaijua.

Miaka kumi na miwili iliyopita, kijana aitwaye Pesamino alimgonga mumewe, Iakopo, kwa gari. Kulipopambazuka, ukoo wa Pesamino ulikuja kuketi chini mbele ya nyumba ya marehemu, kijana akiwa amefunikwa mkeka mwororo, kama ilivyo desturi ya Samoa ya kuomba radhi: akifunuliwa, amesamehewa. Tuiasau, kaka wa marehemu na mkuu wa ukoo, akaufunua. Msamaha ukapita. Mahakamani Pesamino alikiri kosa, akapewa kifungo cha nje, na hakuna aliyeulizwa zaidi.

“Mimi nilikuwa jikoni, nawachemshia kakao hao hao waliokuja kuomba radhi,” anasema Fetuao. “Nikasikia kwamba nimesamehe.”

Hataki Pesamino afungwe. Anataka kitu kimoja: yule kijana ndiye aliyempakata Iakopo barabarani mpaka akakata roho, na yeye mke hajui mumewe alisema nini.

Kwa hiyo katika mchezo wake mjane anatoka jikoni na mwiko mkononi, anamzuia mkuu wa ukoo, na kumuuliza aliye chini ya mkeka.

Wiki iliyopita Tuiasau alifika mazoezini kutaka onyesho hilo liondolewe.

“Shemeji, unanivua nguo mbele ya kijiji kizima.”

“Sikuvui, shemeji. Nakuchelewesha kidogo tu.”

Ropati, mwoka mikate anayeigiza mkosaji, alicheka mpaka mkeka ukatikisika. Tuiasau hakucheka. Aliuliza kijana anajibu nini.

“Hajibu. Sikuandika.”

“Kwa nini?”

“Ningeandika nini, nami sijui?”

Mzee alimtazama. “Kumbe hukuwahi kuambiwa?”

“Nani angeniambia? Mlikuwa mnakunywa kakao.”

Tuiasau aliondoka, na kesho yake alikwenda mwenyewe kwa akina Pesamino kumkaribisha kijana kwenye mchezo. Mpaka sasa Pesamino hajajibu.

Fetuao hababaiki. Jumamosi atauliza swali lake, Ropati atakaa kimya chini ya mkeka, naye atasubiri mbele ya watu wote, hata kama watoto wataanza kulia njaa.

Na Pesamino asipokuja?

“Tutaigiza tena Jumamosi inayofuata, na nyingine,” anasema, akimpakulia dereva kikombe cha pili. “Mkeka ule walishaufunua wengine kwa niaba yangu. Safari hii naufunua mwenyewe, nikishasikia.”