Mtoto Bado Anasoma

Nilianza kulinda geti la uwanja wa besiboli mwaka 2015, kusini mwa Johannesburg, na kwa miezi mingi sikujua mchezo wenyewe unakwendaje. Kazi yangu ilikuwa magari. Niliwaonyesha watu mahali pa kuegesha, nikawafukuza wauza miwani, nikafungua na kufunga. Nyuma yangu, ng'ambo ya waya, watu wazima wenye suruali za kubana walirusha mpira mdogo mweupe, wakaupiga kwa gongo, wakakimbia, halafu wakasimama muda mrefu bila kufanya lolote. Nilidhani wamechoka.

Jumamosi nilikwenda na mjukuu wangu. Mama yake, yaani binti yangu, alikuwa anasuka nywele Hillbrow, na Jumamosi ni siku ambayo msusi hapumui. Mvulana alikuwa na miaka kumi na minne, mikono yake imeyashinda mashati yote, na sikutaka abaki peke yake ghorofa ya tisa kule kwetu Joubert Park. Nikampa kazi: mpira ukiruka waya na kuangukia kwenye magari, aufuate na kuurudisha. Mwingine angeubeba hadi getini. Yeye alisimama palepale ulipoangukia, akaurusha. Mpira ulipita juu ya paa la choo, ukavuka waya, ukaingia kwenye glavu ya mtu aliyekuwa hata hajajiandaa kuupokea.

Mara ya tatu kocha alitoka nje. Alikuwa mtu mnene wa hapahapa Joburg, mwenye sauti ya muuza nyanya.

"Madala," aliniita, ndivyo wanavyomwita mzee hapa, "nani amemfundisha yule?"

"Kumfundisha nini?"

"Eish," akasema, akamwita mvulana aingie ndani.

Hivyo ndivyo mjukuu wangu alivyouvuka waya. Mimi nilibaki upande wa magari, lakini tangu siku ile sikuupa uwanja mgongo wangu wote.

Miaka mitatu iliyofuata naikumbuka kwa utamu kuliko mingine yote niliyoishi katika mji huu. Alasiri, nikiwa sina zamu, tulipanda juu ya paa la jengo letu, pale wanawake walipoanika nguo. Tuliegemeza godoro kuukuu kwenye tangi la maji, nikachora mraba kwa mkaa, kutoka usawa wa goti hadi usawa wa kifua. Kazi ya mrushaji ni kuupitisha mpira ndani ya mraba huo, na mpigaji ashindwe kuugonga. Nilikaa juu ya ndoo ya rangi niliyoigeuza chini juu, nikahesabu. Yeye aliongea Kiingereza, mimi nikahesabu kwa Kiswahili, na ndivyo alivyojua kuhesabu kwa lugha yetu kupita ishirini, jambo ambalo mama yake alikuwa ameshindwa kumfundisha.

Wanawake waliokuja kuanua nguo walitutania.

"Nkambo," walisema, maana sisi watu wa Lubumbashi ndivyo tunavyomwita babu, "hilo godoro limewakosea nini?"

"Limeniumiza mgongo miaka sita," nilijibu. "Sasa ni zamu yake."

Mwanzoni mwa 2018, alipokuwa na miaka kumi na saba, alikuja mtafuta vipaji wa klabu moja ya Marekani, klabu ya wachezaji wa kulipwa. Alikuwa Mzungu mrefu, mpole, na kwa siku mbili alisimama nyuma ya waya akiwa na kifaa cha kupima kasi mkononi, kama askari wa barabarani. Siku ya pili, jioni, kocha alikuja kuegemea geti langu.

"Njia ni mbili, madala. Ya kwanza, wamsaini akimaliza tu shule. Wanamchukua mbichi, wanamlea wenyewe kwenye timu zao ndogo. Ya pili, aende chuo kikuu hukohuko Marekani, acheze na kusoma miaka mitatu au minne, halafu klabu zichague vijana kwa zamu, naye awe kati yao."

"Ipi bora?"

"Wao wenyewe wanabishana kila mwaka. Kijana wa shule wanamchukua kwa vile atakavyokuwa. Wa chuo wanamchukua kwa vile alivyo. Wa shule anaweza kuwapita wote, au mkono ukamharibikia kabla hajaota ndevu. Wa chuo ameshakomaa, unaona unachopata, lakini usitegemee ataongezeka sana."

"Na huyu wetu?"

Kocha alicheka. "Umeiona ripoti yake ya hesabu?"

Nilikuwa nimeiona. Mjukuu wangu aliwapenda walimu, na walimu walimpenda, na mambo yaliishia hapo. Njia yake ilikuwa moja, kusaini akimaliza shule, na sote tulilijua hilo: kocha, mimi, na yeye mwenyewe, ambaye hakutaka kitu kingine duniani.

"Jumapili mgeni atakuja kwenu," kocha akasema. "Anataka kusema na wakubwa wa familia."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo niliyopanda nayo ngazi hadi nyumbani.

Kwetu mgeni akija kusema anamtaka mtoto wenu, tunajua la kufanya. Nilipokwenda kumposa marehemu mke wangu, baba yake alinitazama kama fundi bomba aliyekosea nyumba. "Binti bado anasoma," alisema. Binti alikuwa ameacha shule miaka miwili nyuma, na wakati huo yuko nyuma ya pazia anacheka. Nilirudishwa mara tatu. Mara ya nne nilipewa kiti chenye mto. Kule kurudi ndiko kulikowahakikishia kwamba namtaka. Familia inayokubali siku ya kwanza inaonekana kama inamtupa mtoto wake.

Basi nikamwita rafiki yangu, fundi cherehani wa Jeppestown, mtu wa Bukavu, akae upande wetu awe msemaji. Alikuja na koti lililopigwa pasi mpaka likang'aa.

"Muzee, usikubali leo," alinionya. "Ukikubali leo, hata mimi nitakudharau."

"Nani amesema nitakubali?"

"Uso wako. Umeshakubali toka asubuhi. Ukunje kidogo."

Lifti ilikuwa imekufa. Mgeni na kocha walifika ghorofa ya tisa wakihema, na fundi akaninong'oneza kwamba hiyo ni dalili nzuri. Binti yangu aliwaandalia bukari, yaani ugali wetu, sombe la majani ya muhogo na samaki wa kukaanga. Mgeni alinawa, akala kwa mkono, akaongeza. Kisha akafungua daftari.

"Mzee, nitasema wazi," alisema. "Klabu yangu inataka kumsaini mjukuu wako akimaliza mtihani wa mwisho. Mwaka huu nina nafasi moja tu kwa Afrika Kusini. Mnasemaje?"

Fundi alikohoa, akasema kwa Kiswahili kwamba sisi bado hatujaelewa mgeni anatafuta nini. Nikayageuza maneno yake kwa Kiingereza. Mgeni, kwa subira, akaeleza upya kila kitu. Kisha akamgeukia mvulana aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko na chupa za Fanta mikononi.

"Na wewe, kijana? Wewe unataka nini?"

Mjukuu wangu alifungua mdomo. Mimi nikainua mkono.

"Kwetu mtoto hajibu mbele ya wageni," nikasema.

Akaufunga. Nimekwisha kusahau mambo mengi, lakini mdomo ule ukifunguka na kufungwa bado nauona.

"Mtoto bado anasoma," nikaendelea. "Tunataka afike chuo kikuu."

Kocha alinitazama kama mtu aliyekanyagwa na gari mguuni. "Madala?" Niliona anacheza sehemu yake vizuri, kwa sababu mshenga naye lazima aonekane amefadhaika. Mgeni alilifunga daftari polepole.

"Naliheshimu hilo," alisema. "Masomo kwanza. Natamani wazazi wote wangekuwa kama nyinyi."

Akampa kila mmoja wetu mkono, akashuka.

Fundi alicheza katikati ya viti. "Umeona alivyofunga daftari? Ameumia! Huyo atarudi mbio!"

Mvulana alikuwa dirishani, anatazama chini. "Gari lake limeshavuka robot," alisema kwa Kiingereza. Robot kwetu Joburg ni taa za barabarani. Kisha akaenda kuosha vyombo.

Jumapili iliyofuata nilipiga pasi shati, binti yangu akapika, tukaweka mto kwenye kiti. Jumapili ya pili tukafanya hivyohivyo. "Wazungu wana shughuli nyingi," fundi alisema. Jumapili ya tatu fundi alikuwa na nguo za harusi za kushona. Sikumuuliza kocha, kwa kuwa kuuliza kungekuwa kujipendekeza, na kocha hakuniuliza kwa kuwa alikuwa amenikasirikia. Tulipitana getini kwa kutikisa vichwa tu. Ulipita mwezi na zaidi hivyo, na kwa wiki za mwanzo nafasi ya mtoto ilikuwa ingali inashikika.

Mwishowe kocha ndiye aliyesimama getini.

"Niambie jambo moja. Kwa nini ulikataa?"

"Sikukataa."

"Ulikataa. Nilikuwepo, chakula chako kiko mdomoni."

"Nilikuwa namsubiri arudi."

"Arudi kufanya nini?"

Nikamweleza habari ya posa. Alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Hata sisi hufanya hivyo kwenye mahari," alisema. "Mimi mwenyewe nilisumbuliwa na wajomba mwaka mzima."

"Basi kwa nini hukumwambia mgeni ni mchezo?"

"Kwa sababu niliamini unamaanisha, madala. Ulisema chuo kikuu kama mtu anayemaanisha."

Alimpigia simu mgeni palepale getini. Mgeni alijibu kwa upole uleule. Nafasi ilikuwa imekwenda kwa mvulana mwingine wiki mbili kabla, na mwaka ujao klabu ingetafuta wadogo zaidi. Lakini hakutusahau, alisema. Kwa kuwa tulitaka masomo, alikuwa amewaandikia vyuo viwili kwa ajili yetu. Vyuo hivyo viliomba matokeo ya shule. Tukayapeleka. Vyote viwili vilijibu kwa barua fupi, zenye adabu.

Kisa hiki nimekisimulia kanisani mara nyingi, na watu wa kwetu hucheka hadi wakashika mbavu: mzee amemfanya Mmarekani mkwe! Huwa nacheka nao. Lakini kocha alisikia vizuri. Baba mkwe wangu alisema "bado anasoma", akanyamaza. Mimi niliongeza chuo kikuu. Niliishia sekondari, na miaka yote ya kufungua geti nimewatazama wenye magari nikijua ni wapi waliponiacha. Siku ile, mbele ya mtu mwenye daftari na rafiki yangu mwenye koti, neno hilo lilinipendeza mdomoni. Desturi ilinipa sentensi ya kwanza. Ya pili ilikuwa yangu, na ule mkono niliouinua ulikuwa wangu.

Mjukuu wangu alimaliza shule kwa kuponea chupuchupu. Mwaka 2019 alipata kazi kwenye ghala la matairi Jeppestown, na Jumamosi akawa anafundisha watoto wadogo kurusha, kwenye uwanja uleule. Hakunilaumu hata mara moja. "Haina shida, nkambo," alikuwa akisema kwa Kiingereza, na afadhali angenitukana. Juu ya paa hakupanda tena. Godoro lilinyeshewa mpaka ule mraba ukafutika.

Jumamosi moja, nikiwa nimekwisha kuacha kazi ya ulinzi, niliazima koti la fundi.

"Unakwenda kuoa?" aliniuliza.

"Nakwenda kuposa."

Nilipita getini, nikavuka ule waya kwa mara ya kwanza tangu niujue, nikasimama mbele ya mjukuu wangu na watoto wake kumi na wawili wenye glavu kubwa kuliko vichwa vyao.

"Nimekuja kusema na mkubwa wa hapa," nilisema. "Nimekuja kuomba msamaha. Ulitaka kujibu nikakuziba mdomo. Nikajibu mimi, na nilichojibu kilikuwa matamanio yangu, si yako."

Akaukunja uso vilevile kama baba mkwe wangu, mtu ambaye hakuwahi kumwona, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:

"Nkambo, mimi bado nasoma."

Tulicheka mpaka watoto wakaanza kucheka bila kujua sababu. Kicheko kilipokwisha, niliona kwamba hajasema ndiyo. Aliokota mpira, akaufuta kwenye suruali.

"Rudi," alisema. "Jumamosi ingine."

Nikarudi Jumamosi iliyofuata, na koti. Alinisalimia, akaendelea na watoto wake, nami nikasimama jua lote kisha nikaondoka. Nikarudi tena. Mara hiyo kando ya waya palikuwa na ndoo ya rangi, imegeuzwa chini juu, na mtoto mmoja amekwisha kusimama mahali pa mrushaji.

"Kaa," mjukuu wangu akasema. "Hesabu."