Pilipili ya Mlangoni kwa Mama

Kila mteja anayeingia kwangu saa saba mchana ananihurumia kwa jambo lisilomhusu. Anaweka kitenge chake mezani, anageuka mlangoni, anaona pilipili yangu imelegeza majani yote, kisha anasema, "Fundi, mti wako unakufa. Huna maji?" Maji ninayo. Dumu limejaa, liko nyuma ya mlango. Ninamwambia pilipili usiyoila yakuwashia nini, nampima kiuno, na kazi inaendelea. Wengine wanaondoka wamenuna. Basi, wanune. Jua la mwezi wa tisa hapa Kasulu si la kuchezea, lakini mmea huo naujua kuliko ninavyoijua cherehani yangu, na aliyenifundisha nilikaribia kumpoteza.

Mama yangu anaishi Murungu, upande wa Kibondo, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma aliyojenga na marehemu baba. Walivuka mpaka kutoka Burundi wakiwa vijana, wakalima hapa, wakatuzaa hapa, na leo sisi ni Watanzania kama wengine. Katika vitu walivyovuka navyo vimebaki viwili: sufuria isiyo na mfuniko, na pilipili kichaa. Mbegu zake zilikuja kwenye fundo la kitenge cha mama. Tangu hapo hajawahi kukosa shina moja mlangoni pa jiko, na sijawahi kumwona akila maharage bila hiyo. Pilipili za sokoni anaziita mboga.

Mwaka juzi, kiangazi kikiwa kimekolea, malaria ilimlaza. Hospitali walimtibu vizuri, nawashukuru mpaka leo, akarudi nyumbani homa imekwisha. Ila hakuinuka. Alilala kitandani chini ya dirisha lililo juu ya ile pilipili, uso ameuelekeza ukutani, na chakula hakikupita. Daktari alisema mwilini hakuna ugonjwa tena, kilichobaki ni kula, na asipokula tutamzika. Hakuzungusha maneno. Kaka yangu, anayeishi pale na mke wake, akanipigia simu, nikafunga cherehani nikaenda Murungu.

Siku hiyo nilimbembeleza mama mpaka nikakasirika. Mimi nikiogopa hukasirika, ndivyo nilivyoumbwa. Nikamwambia, "Kwani wewe unataka kula nini? Taja chochote, tutakitafuta hata kama kiko Kigoma." Akajibu bila kugeuka, "Nitakula pilipili yangu ikizaa."

Tukalishika neno hilo kwa mikono miwili. Pilipili ikizaa, mama atakula. Mama akila, atapona. Sasa nenda ukaitazame hiyo pilipili yenyewe! Matunda yalikuwa yamekwisha zamani, maua yalikuwepo, lakini jua likipanda tu majani yalilegea yote na maua yalidondoka chini. Wifi yangu alikuwa akiyaokota na kuyatazama kiganjani.

Maji wakati ule yalikuwa taabu. Kisima cha karibu kilikuwa kimekauka, tukawa tunapanga madumu kwenye pampu ya mbali kabla hakujapambazuka. Nguo tulifua kwa kubahatisha. Lakini kila nilipoona majani yale yamelegea mchana, nilichukua kopo nikaenda kumwagia, nikijiambia bora nisioge. Nilifanya hivyo kimyakimya. Sikutaka kaka aanze kunihesabia maji.

Halafu walikuja wageni. Kwetu mtu haendi kumwona mgonjwa akaondoka bila kuonja kitu, hata kama ni muhogo wa kuchemsha. Na kula ni kunawa, kabla na baada. Wakati wa kiangazi maji ya beseni hayamwagwi njiani, yanapelekwa kwenye mmea. Habari za ahadi ya mama zilikuwa zimeenea mtaa mzima, kwa hiyo akina mama wa kwaya ya kanisani kwake walikuwa wakigombea beseni. Kila mmoja alitaka awe yeye aliyeinywesha pilipili ya bibi. Mmoja alikuwa akimwaga huku anaiambia, "Na wewe upone." Nilicheka, lakini moyoni nilimshukuru.

Na hawakuja mikono mitupu. Huyu ana chupa ya uji wa ulezi, yule ana mchuzi wa kuku, mwingine soda. Kila aliyeingia chumbani alisisitiza mama anywe kijiko kimoja tu, kwa ajili yake. Mama kwa heshima alikuwa akimeza. Akitoka huyu anaingia yule na kijiko chake. Tukiondoka sote mama anageukia ukutani, na sahani ya chakula cha jioni inarudi jikoni ilivyokwenda.

Pilipili ikazidi kuharibika. Majani ya chini yaligeuka njano, yakaanza kuanguka. Sasa hata jioni hayakuinuka vizuri. Kaka alisema ni jua, nami nikasema ni jua, tukaongeza maji.

Mchana mmoja nilikuwa nimesimama pale na kopo langu, nimeinama, ndipo sauti ikatoka dirishani juu ya kichwa changu.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama."

"Unafanya nini?"

"Naimwagilia. Inanyauka."

Kisha akasema, "Alfajiri kaka yako kamwaga. Asubuhi wifi yako kamwaga maji ya vyombo. Wale wa kwaya wamemwaga. Na wewe kila mchana. Nimelala hapa nawasikia. Kazi yangu ni nini humu zaidi ya kusikiliza mnavyoniulia pilipili yangu?"

Nilisimama na kopo mkononi. Kaka alimwagilia? Wifi naye? Kumbe kila mtu alikuwa na wizi wake wa huruma, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Nilisikia kitanda kikilia. Nikadhani anajigeuza. Kumbe anashuka. Mama alitoka mlangoni ameshika ukuta, khanga imemzidi mwili, miguu inatetemeka. Nilitaka kumkimbilia, akaninyooshea kiganja nisimsogelee. Akafika kwenye shina, akachuchumaa polepole, akachomeka kidole kwenye udongo. Kilitoka na tope. Akakinusa, kisha akaninyooshea ninuse na mimi. Kilinuka uozo.

"Kiangazi chote hiki," akasema, "watu wanalia maji, na nyinyi mmezamisha mmea."

Wifi alikuwa ametoka jikoni, amejishika mdomo. Mama alitugombeza sote wawili pale pale, kwa Kiswahili na kwa Kirundi, pumzi ikimkatika katikati ya maneno. Alisema pilipili huinama mchana kujikinga na jua, si lazima iwe kiu. Jua likishuka inainuka yenyewe. Mizizi yake ikikaa majini haivuti tena chochote, na majani yananyauka vilevile, basi mjinga akiona hivyo anaongeza maji. Aliponiangalia kwenye neno mjinga sikujitetea. Sijawahi kufurahi kugombezwa kama siku ile. Nilikuwa nimekaa muda mrefu sana bila kuisikia sauti hiyo.

Kaka aliporudi shamba alikuta kazi inamsubiri. Alifukua udongo wa juu wenye tope, akaacha pakauke kidogo, akaweka udongo mkavu uliochanganywa na samadi kuukuu ya mbuzi. Akasimika miti minne na kutandika nyasi juu yake, ili jua la mchana lisiipige moja kwa moja. Mama alisimamia yote hayo ameketi kwenye kiti mlangoni. Akakataa kurudi kitandani. Alisema akiingia ndani tu, mtu atakuja na beseni.

Na kweli walikuja. Akina mama wa kwaya walifika jioni, wakamkuta mgonjwa ameketi nje, wakabaki wameduwaa. Mmoja alimnyooshea kijiko cha uji. Mama akakisogeza kando taratibu, akasema, "Wanangu, asanteni sana kwa wema wenu, Mungu awabariki. Lakini mniache kwanza nisikie njaa. Tangu niugue hamjanipa nafasi hiyo." Kisha akawaonyesha mgomba nyuma ya nyumba, kwamba maji ya kunawa yamwagwe kule, mgomba haujui kushiba.

Tulimwacha. Kwangu ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba madumu. Kesho yake hakuna aliyempelekea kijiko. Nilikaa jikoni nikichambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa, nikiwaza yale maneno ya daktari. Asubuhi ikapita. Mchana ukapita. Giza lilipokuwa linaingia wifi aliepua ugali, tukakaa kuuzunguka, na hakuna aliyenyoosha mkono. Mama akatutazama kutoka pale kwenye kiti chake.

"Mnakula peke yenu?" akauliza.

Wifi alileta jagi, akamnawisha. Mama alimega tonge, akachovya kwenye maharage yasiyo na pilipili, akala. Akamega jingine. Akasema chumvi imepungua. Kaka aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, tukajifanya hatujaona.

Nilirudi Kasulu baada ya hapo, wateja walikuwa wameanza kunitukana kwenye simu. Mvua za kwanza ziliponyesha nikaenda tena Murungu. Pilipili ilikuwa imechipua majani mapya kwenye ncha, maua yameshika, na katikati ya matunda mabichi kulikuwa na moja limeiva, jekundu. Hakuna aliyekuwa amelichuma. Mama mwenyewe alikuwa bustanini anapalilia, anamsema wifi kwa kupanda vitunguu karibu karibu.

Aliponiona alinawa mikono, akalichuma lile tunda, akaniwekea kiganjani.

"Lakini mama, si ndilo ulilokuwa unalisubiri?"

"Nilikuwa nalisubiri. Sasa nimeshakula," akasema. "Hili lina mbegu. Peleka kwako."

Nikalifunga tunda kwenye ncha ya kitenge changu, nikakaza fundo, nikasema, "Murakoze, mama," nikimshukuru kwa lugha yake, kwa sababu Kiswahili changu chote kilikuwa kimeniishia.

Aliliangalia lile fundo kwa muda. Halafu akaniambia nikishapanda nisijaribu kumwagilia mchana.