Fundi Aliyejihesabu Dirishani

Mmenisumbua nyie: bibi andika, bibi andika. Darasa la pili sikulimaliza. Haya, nimeandika, na asiyeuweza mwandiko wangu avae miwani.

Fundi cherehani wa mtaa wetu anaanguka kifafa. Siku alipoiangukia pasi ya moto, dada yake mkubwa alimtilia komeo chumba cha nyuma, yeye na cherehani yake. "Dawa ikifika mtaani nitakufungulia, mdogo wangu." Huu mwaka wa tatu. Wateja tunasimama nje, anatupima kwa kupitisha futi kati ya nondo za dirisha.

Na mwili haumfichi fundi kitu. Seremala jirani yetu mkono mmoja umekufa kwa kiharusi, akamshonea shati la kuvaliwa kwa mkono mmoja. Mimi vidole vinatetemeka, akanitolea vifungo, akatia mpira.

Akaja mhudumu wa afya na daftari, nyumba hadi nyumba. Wakiandikwa wagonjwa kumi, wa kifafa, wa kiharusi, wa kutetemeka, kliniki italetwa mtaani, na dawa. Kila nyumba kwa aibu ikaficha mgonjwa wake chumbani, ikajibu: hakuna. Mimi nilijibu hivyo hivyo, nimeikalia mikono yangu.

Kwa fundi, dada mtu akasema, "Hapa tu wazima kama chuma."

"Chuma gani, dada? Hiki cha dirishani?" Sauti ikatoka nyuma. "Mwanangu, zunguka huku!"

Mhudumu akazunguka, nasi majirani nyuma yake, maana umbea hauna mgonjwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niandike. Kifafa. Miaka mitatu sijakanyaga barabara."

"Nyamaza, unatuvua nguo!" dada akafoka.

"Nguo nashona mimi, dada. Mtaa mzima nimeupima, bega kwa kiuno."

"Basi nitajie wengine," mhudumu akasema.

Fundi akatutazama mmoja mmoja. Akinitaja mimi, akimtaja seremala, na wengine aliowapima, kumi wanatimia na komeo linatoka. Akazungusha futi kidoleni, akaikunja.

"Siri ya mteja sitoi. Midomo wanayo."

Akangoja. Seremala akaangalia viatu vyake. Mimi nikakohoa, basi.

"Mmoja," mhudumu akaandika, akaenda zake. Komeo liko pale pale.

Jana nilimfuata mhudumu mwenyewe, nikamnyooshea vidole vikitetemeka: andika. Sasa tuko wawili, na daftari linafungwa mwisho wa mwezi. Wanane hawajapatikana, na wamo majumbani mwenu. Wewe uliyesoma mpaka hapa, inuka, nenda chumba cha nyuma, mtoe wako umpeleke akaandikwe. Usiniambie hakuna, hilo nilishalisema mimi.