Neno la Siri la Clavery

Adelgunda anafundisha kompyuta katika sekondari moja ya Bugene. Kwa ajili ya shahada yake ya pili, anatafiti namna wakulima wanavyochagua maneno ya siri. Tovuti moja ya kuuzia kahawa ilidukuliwa, na kumbukumbu zake zote zikamwagwa mtandaoni, mahali ambapo yeyote anaweza kuzisoma. Yeye huzitumia ili watu wafundishwe kujilinda. Kanuni yake ni moja: hufuta majina na namba za simu kabla ya kusoma chochote.

Jumamosi iliyopita, kabla ya kufuta, alitafuta namba ya mumewe.

Clavery alijiandikisha huko kabla hawajaoana. Neno lake la siri lilikuwa Dafroza.

Dafroza anauza vitenge Kayanga. Aliwahi kuchumbiwa na Clavery, jambo ambalo kila mtu kanisani analijua. Adelgunda naye alilijua, na halikumsumbua. Kilichomchoma sasa ni kwamba kila msimu vidole vya mumewe bado huandika jina lile, herufi kwa herufi.

Alimkuta uani akianika kahawa.

"Baba Aine, neno lako la siri la kule kwenye kahawa ni lipi?"

"Si wewe unayetukataza kuyataja?"

"Nimeshalisoma. Dafroza."

Clavery akaweka reki chini. "Ulisema husomi ya watu."

"Lako nimesoma."

"Niliweka zamani, Mama Aine. Kubadilisha ni usumbufu. Hata simfikirii, ni vidole tu."

"Vidole vyenye kumbukumbu. Siku ya ndoa yetu mbona havijawahi kuikumbuka?"

Utafiti wake mwenyewe ulionyesha kwamba ni uvivu tu unaowafanya watu wasibadilishe maneno ya siri. Lakini moyo haukupoa.

"Libadilishe sasa hivi."

Clavery akatoa simu. "Niandike Adelgunda?"

Adelgunda alitamani kusema ndiyo. Lakini kote Kanoni na Igurwa amekuwa akiwaambia wakulima kwamba mwizi huanza kwa kujaribu jina la mke au la mtoto.

"Usiandike jina la mtu," alisema. "Andika refu, ambalo hakuna anayelijua."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Clavery akafikiri, akatabasamu peke yake, akaanza kuandika huku ameikinga simu kwa kiganja. Adelgunda akainamia kahawa na kuigeuza kwa mikono. Lilikuwa neno refu kweli. Alitamani kujua ni nini kilichomfanya atabasamu.